Sina Makosa, Ilisema Santuri

Niliwahi kuandika, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba "Sina Makosa" ya Les Wanyika ni wimbo mkubwa uliorekodiwa vibaya. Nilisema besi ya Tommy Malanga iko mbali, kana kwamba jamaa alikuwa anapigia nyumba ya jirani. Nilisema pia kwamba kadiri wimbo unavyokaribia mwisho, magita yanageuka mchanga. Kisha nikatoa sababu: studio duni, haraka ya biashara, wafanyabiashara waliotaka santuri ifike sokoni kabla mwezi haujaisha. Yalikuwa maelezo matamu. Watu walinipongeza. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nilikuwa nasikilizia chombo gani.

Aliyeuliza ni baba mdogo. Alisomewa makala na binti yake, akanipigia simu usiku.

"Mwanangu, hiyo besi unayosema haipo, mimi niliicheza. Ilikuwa inatikisa chupa mezani. Sasa wewe ulisikiliza nini?"

"Nilisikiliza santuri ya baba, Baba mdogo. Ile ile."

"Santuri ni ile ile, sawa. Na kinanda?"

Kinanda ndicho nilichokuwa nacho mimi: cha mtumba, kizuri kwa macho, nimekinunua bila kichwa, nikakifunga katriji mpya mwenyewe sebuleni, bisibisi mkono mmoja na chai mkono wa pili. Kwa hiyo makala hii ni ya kukanusha ile ya kwanza. Lakini pia nina ugomvi na sisi sote tunaoandika kuhusu muziki wa zamani, kwa sababu tumezoea kuhakiki waimbaji, watunzi, wapigaji na studio, na kuna mtu mmoja kwenye mnyororo huo hatumtaji kamwe. Ni yule aliyefunga sindano.

Kwa waliokulia kwenye kaseti na simu, wacha nieleze kidogo. Santuri imechongwa mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Kuta za mfereji huo zina mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo muziki. Sindano, ambayo ncha yake siku hizi huwa ni almasi, inapita ndani na kutikiswa na kuta. Mtikisiko unaingia kwenye katriji, kile kisanduku kidogo kilicho mwisho wa mkono wa kinanda, na humo sumaku na nyaya nyembamba huugeuza kuwa umeme. Umeme huo ni mdogo mno. Ampilifaya inaukuza, spika zinaurudisha kuwa hewa. Basi. Kila kitu unachokisikia kimepita kwenye ncha ambayo upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Ikikaa vibaya pale, hakuna spika ya bei gani itakayokuokoa.

Nilikipeleka kinanda kwa fundi mmoja wa Ngara, mzee ambaye ametengeneza redio tangu zilipokuwa na valvu. Hakukiwasha. Aliinamisha kichwa, akaangalia nyuma ya katriji kwa lenzi ya sonara, akacheka kidogo peke yake.

"Kijana, hii ni nyaya nne tu. Nne. Na umekosea mbili."

Nyuma ya katriji kuna pini nne zenye rangi. Nyekundu na kijani ni za upande wa kulia. Nyeupe na buluu ni za kushoto. Mimi nilikuwa nimebadilisha nyeupe na buluu. Kosa hilo haliui sauti, na ndiyo maana ni baya. Lingeiua ungelijua siku hiyo hiyo. Kinachotokea ni kwamba spika ya kulia inaposukuma hewa, ya kushoto inaivuta. Sauti nyembamba zinaponyoka kwa namna fulani, lakini sauti nene, ambazo huwa sawa pande zote mbili, zinauana hapo katikati ya sebule kabla hazijakufikia. Besi inapotea. Mwimbaji naye anakosa mahali pa kusimama. Unamsikia lakini huwezi kumwonyesha kwa kidole. Ukiwa na ampilifaya yenye swichi ya mono, ibonyeze: kama karibu muziki wote unazimika, nyaya zimepishana. Kipimo hicho kinachukua sekunde tano. Mimi niliishi na kosa hilo miezi minane na nikaliandikia aya mbili za historia ya uchumi.

Malanga hakuwa nyumba ya jirani. Alikuwa palepale, nami nilikuwa nimemfuta.

Lile la pili, la mchanga, ni refu zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa sababu ndipo ufundi na uhakiki vinapokutana.

Kwanza uzito. Mkono wa kinanda una kipande cha chuma kizito nyuma ambacho unakizungusha mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala kushuka, kama mizani ya duka iliyotulia. Ukishafika hapo unaongeza uzito ambao mtengenezaji wa katriji ameutaja. Kwa katriji nyingi za kawaida za leo ni kama gramu 2, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Mimi nilikuwa nimeweka gramu 1. Niliona nikiilemea kidogo, santuri ya marehemu baba itadumu zaidi.

"Unaionea huruma?" fundi akauliza. "Huruma yako ndiyo inaiua."

Sindano nyepesi mno haitulii mferejini. Wimbi likiwa kubwa, inarushwa juu, inaachana na ukuta, kisha inaangukia mahali pengine. Almasi juu ya plastiki, kila mara inapoanguka inabandua kitu. Uzito wa kutosha unaifanya ibaki imeshika kuta zote mbili na kufuata. Kuna mizani midogo ya kidijitali ya kupimia hili, ya aina wanayotumia wauza dhahabu. Usiamini namba zilizoandikwa kwenye kile chuma cha nyuma peke yake, hasa kama kinanda ni cha mtumba na hujui kimepitia mikono ya nani.

Pili, pembe. Santuri ya kwanza kabisa, ile mama ya zote, huchongwa na mashine ambayo kisu chake kinatembea kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni kwenda katikati. Lakini mkono wa vinanda vingi umefungwa upande mmoja, kwa hiyo sindano yake inatembea kwa tao, kama mlango unavyofunguka. Haiwezi kukaa sawasawa na mfereji safari nzima. Watu wamelikokotoa tatizo hili kwa karibu miaka 100: Percy Wilson aliliandikia Uingereza mwaka 1924, Erik Löfgren wa Uswidi akaleta hesabu zake mwaka 1938, H. G. Baerwald akafuata 1941. Walichogundua ni kwamba ukiukunja mkono kidogo na kuisogeza katriji mahali panapofaa, sindano itakuwa sawa kabisa na mfereji katika sehemu mbili tu, na kwingineko kosa litakuwa dogo la kuvumilika. Kwa mpangilio unaotumika zaidi leo, sehemu hizo ziko milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati ya santuri.

Ndiyo kazi ya protrakta, ile karatasi yenye tundu unayoivalisha kwenye msumari wa katikati ya sahani. Unashusha sindano kwenye alama, unaangalia kama ubavu wa katriji unaambaa na mistari iliyochorwa. Haiambai? Unalegeza skrubu mbili za kichwani, unasogeza mbele, unarudisha nyuma, unazungusha kidogo, unajaribu tena. Ni kazi ya saa nzima mara ya kwanza na inaudhi. (Kama umeichapa karatasi mwenyewe saiba, ipime kwa rula kwanza. Printa hupenda kupunguza ukurasa bila kumwambia mtu.) Katriji yangu ilikuwa milimita tatu nyuma ya pale ilipotakiwa. Niliifunga kwa jicho.

Sasa tazama hizo namba mbili tena halafu uchukue santuri ndogo ya inchi 7, ile ya mizunguko 45 kwa dakika ambayo muziki wetu mwingi wa miaka ya 1960 na 1970 uliuzwa ndani yake. Kutoka katikati hadi ukingoni haifiki hata milimita 90. Kwa hiyo ile sehemu ya pili iliyo sawa, ya milimita 120.9, iko nje ya santuri, hewani. Umebaki na moja. Na si hivyo tu. Sahani inazunguka kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa ndani ni mfupi kuliko wa nje. Muziki ukianza kama milimita 84 kutoka katikati, sekunde moja ya wimbo inapata karibu milimita 396 za mfereji. Ukimalizikia kwenye milimita 54, sekunde hiyo hiyo inabanwa ndani ya milimita 254. Mawimbi yanasongamana, sindano inatakiwa kupinda haraka zaidi mahali pembamba zaidi, na kosa lolote la pembe ulilolificha mwanzoni linatoka hadharani. Ndipo herufi s inapoanza kuwa sh, matoazi yanakuwa karatasi inayochanika, na gita linakuwa mchanga.

Hebu kumbuka sasa nyimbo zetu zilivyojengwa. Wimbo wa dansi wa Nairobi wa miaka ile unaanza polepole: stori inasimuliwa, mtu analalamika, mwenzake anamwitikia. Halafu waimbaji wananyamaza na magita yanachukua nchi. Mtindo huo una ndugu zake Kongo, ambako sehemu ile huitwa sebene, na kwa mchezaji ndiyo sababu ya kulipa kiingilio. Kwa sababu wimbo ni mrefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo, unakatwa: sehemu ya kwanza upande huu, unainuka, unageuza, sehemu ya pili upande ule. Maana yake ni kwamba kilele cha wimbo, pale ambapo gita la solo na la ridhimu yanakimbizana mpaka mwisho, kiko mwishoni mwa upande wa pili. Mahali pabaya kuliko pote kwenye santuri.

Wapenzi wa simfoni za Ulaya walilalamikia jambo hili hili, maana simfoni nazo hupenda kumalizia kwa kishindo. Lakini wao walikuwa na santuri kubwa. Sisi kilele chetu kilitiwa kwenye inchi 7, kikapigwa baa kwa baa na sindano ambazo hakuna aliyezihesabia masaa. Kama kuna muziki duniani ambao hauwezi kuhakikiwa bila kuuliza sindano ilikaaje, ni huu.

Fundi hakutumia ule mpangilio wa kawaida. Aliniuliza kwanza, "Unapiga zipi zaidi, kubwa ama ndogo?" Nikasema ndogo. Akachukua protrakta nyingine, inayofuata pendekezo la J. K. Stevenson la mwaka 1966, ambalo linaisogeza sehemu ya ndani hadi milimita 60.3. Kwa santuri kubwa utalipa kidogo njiani. Kwa ndogo, unaleta usahihi karibu na pale wimbo unapowaka. Nililipenda swali lile kuliko jibu lake. Alitaka kujua muziki wangu umejengwaje kabla hajagusa skrubu. Wahakiki wangapi huanza hivyo?

Yaliyobaki aliyafanya haraka. Alipandisha mkono mpaka ulale sambamba na santuri. Aliweka kioo kidogo chini ya katriji, akatazama kama sindano na kivuli chake vinaunda mstari mmoja. Ikiinama upande, ukuta mmoja unalemewa na mwingine unasahaulika. Akarekebisha kile kispringi kinachouvuta mkono kwenda nje, kwa kuwa mzunguko wenyewe huuvuta ndani. Akapangusa ncha kwa brashi kavu, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Halafu akaniambia niweke santuri.

Sitasema nililia. Nilinyamaza. Besi iliingia kwanza, si kubwa, nene tu na yenye mwendo, ikitembea kama mtu anayejua anakokwenda. Lakini kilichonishangaza ni Profesa Omari Shabani. Nilikuwa nimemsikia maisha yangu yote kama wimbi moja lisilokatika, kitu kinachozunguka nyuma ya sauti ya John Ngereza. Kumbe kuna mapengo. Anapiga, anaacha, anaziba nyuzi kwa kiganja, anaacha tena. Nusu ya ridhimu ile ni ukimya mfupi mfupi. Mchanga ulikuwa umeujaza. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba Shabani "anamimina". Hamimini. Anakata. Hilo si suala la sauti nzuri na sauti mbaya tu, ni maana ya upigaji wake, na nilikuwa nimeikosea kwa sababu ya milimita tatu.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na wenzangu.

Tuna lugha moja tunapozungumzia muziki wa kale: "sauti yenye vumbi", "mkwaruzo wa enzi", "uhafifu wenye joto". Tunaisifu mikwaruzo kana kwamba bendi iliipanga. Kuna vijana wanaotia mkwaruzo wa bandia kwenye nyimbo walizorekodi juzi ili zionekane zina babu. Mimi mwenyewe nilifanya kinyume, nililaumu badala ya kusifu, lakini kosa ni lile lile: tumeichukua hali ya chombo chetu tukaiita zama zao. Ukiniambia wanamuziki wa mwaka 1979 walisikika dhaifu, nitakuuliza sindano yako ina masaa mangapi. Watengenezaji wengi huiwekea almasi umri wa baina ya saa 300 na saa 1,000 hivi, kutegemea umbo la ncha. Ukisikiliza saa moja kila jioni, unaweza kuimaliza ndani ya mwaka. Ikichakaa haisemi. Inaendelea kupiga, inapata kingo kali, na inachonga upya kile inachokisoma.

Kwa santuri za zamani zaidi ni vibaya zaidi. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu Siti binti Saad kupitia kalamu ya Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake, kabla hawajawahi kuisikia sauti yake. Siti alirekodiwa na HMV huko Bombay mwaka 1928, kwenye sahani za mizunguko 78. Mfereji wa sahani hizo ni mpana. Sindano yake inatakiwa kuwa na ncha ya karibu mikroni 76. Ya santuri za stirio kwa kawaida ni kama 18. Ukishusha hii ndogo kwenye sahani ya 78, haiegemei kuta kabisa. Inazama mpaka sakafuni na kuburura uchafu wa miaka yote. Unachosikia ni takataka, na nyuma ya takataka mwanamke anayeimba kwa mbali. Ongeza kwamba si kampuni zote za wakati ule zilizungusha sahani kwa mizunguko 78 kamili, kwa hiyo ukikosea kasi unampandisha au unamshusha mwimbaji, unambadilisha umri. Nimewahi kusoma mtu akiandika kwamba sauti za taarab ya mwanzo ni "nyembamba na za puani". Labda ni kweli. Labda pia alikuwa anahakiki sakafu ya mfereji.

Na jambo la kuchekesha, wazee walilijua hili. Vile vinanda vya redio vilivyokaa sebuleni kama kabati, vingi vilikuwa na kijiti kidogo kwenye kichwa cha mkono: ukikigeuza huku inakuja sindano ya 78, ukikigeuza kule ya santuri za kisasa. Hata mtoto aliyetumwa kuweka wimbo alijua kugeuza.

Baba mdogo alinipinga hapa, na pingamizi lake nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema: "Lakini sisi hatukuwa na haya mapimo yenu. Tulikuwa na kinanda kizito, mkono kama nyundo, na tulicheza." Ni kweli. Katriji nyingi za vinanda vile vya kawaida zililemea santuri kwa gramu 5 au zaidi, na hakuna aliyebeba protrakta baa. Kama waliotengeneza muziki ule waliutengeneza ukijua utapigwa kwenye vyombo vile, basi sauti ya kweli ni ipi? Ile ya fundi wa Ngara au ile ya chupa zinazotikisika mezani?

Sina jibu safi. Najua tu kwamba hata kwenye kinanda chake kizito besi ilikuwepo, na kwenye changu haikuwepo. Kwa hiyo nisijifiche nyuma ya pingamizi lake. Na najua kwamba mfereji una vitu ambavyo yeye hakuvisikia wakati ule, kama yale mapengo ya Shabani, na vimo. Havikutiwa na fundi. Upande mwingine, sitaki kuwa mmoja wa wale wanaume wanaonunua katriji ya bei ya pikipiki, wanasikiliza sindano badala ya wimbo, na hawachezi. Ncha nyembamba za kifahari huona kila mkwaruzo na kuusimulia. Kwa santuri ndogo iliyopigwa sana, sindano ya kawaida yenye ncha ya mviringo, mpya na iliyofungwa sawa, mara nyingi inapita salama pale ambapo ya duaradufu inajikwaa. Ghali si sawa na sahihi.

Kinachonipa wasiwasi ni hawa wanaozihamisha santuri kwenda kwenye dijitali, wengi wao kwa mapenzi matupu, bila malipo, usiku baada ya kazi. Tunawadai shukrani. Nyimbo nyingi za benga, za rumba, za taarab zinasikika leo kwa sababu mtu alizihamisha hivyo, na mikusanyiko kama Kenya Special ya mwaka 2013 imezirudisha santuri ndogo za miaka ya 1970 na 1980 kwa watu ambao hawajawahi kugusa santuri. Lakini faili ikishatoka, inanakiliwa na nakala zinazaa nakala. Kama nyaya nne zilipishana siku ile, besi imepotea humo daima, na mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu ya besi ya Nairobi atathibitisha kwa ushahidi kwamba haikuwepo. Ataninukuu mimi. Ninachoomba ni kidogo: mstari mmoja chini ya kila wimbo unaopandishwa. Katriji gani, sindano ya ukubwa gani, uzito gani, kasi gani. Mpiga picha wa makavazi anaandika kipimo pembeni ya picha; kwa nini sauti ikose?

Nami nilipe deni langu. Nililoandika kuhusu besi ya "Sina Makosa" nalifuta lote. Nililoandika kuhusu studio, haraka na wafanyabiashara nalifuta pia, kwa sababu sikuwa na ushahidi mwingine zaidi ya kinanda changu. La gita naweza kulifuta nusu tu. Upande wa kwanza umetoka salama. Upande wa pili, karibu na mwisho, kuna kama mizunguko sita ambapo mchanga haukuondoka hata baada ya fundi kumaliza. Aliutazama kwa lenzi, akanipa na mimi nitazame. Kuta za mfereji pale zimechubuka, kijivu juu ya cheusi. Gramu 1, miezi minane, karibu kila Jumamosi.

Baba mdogo alikuja Jumapili iliyofuata. Nilimwekea. Alisikiliza upande wa kwanza amefumba macho, mguu ukipiga sakafu. Nilipogeuza, nikamwambia mapema kwamba mwishoni kuna mahali nimepaharibu.

"Wacha pafike," akasema.

Pakafika. Hakusema kitu. Kisha akaniuliza kwenye ile makala yangu nilihukumu santuri ngapi nyingine za baba. Nikamwambia kumi na moja. Akavuta kiti karibu na spika, akauliza tunaanza na ipi.